Jioni Moja, Stesheni Moja

Televisheni ilianza kutangaza Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Njoro, ilifika karibu miaka thelathini baadaye, na haikufika kwetu. Ilifika kwa Mwalimu. Ilikuwa Greatwall ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Picha za rangi zilikuwa zikirushwa nchini tangu 1978, lakini sisi rangi tuliyokuwa nayo ni ya kile kikaratasi cha plastiki cha bluu ambacho Mwalimu alikibandika mbele ya kioo. Kiingilio cha watoto kilikuwa mtungi mmoja wa maji kwa mke wa Mwalimu. Watu wazima waliingia bure, ila walitarajiwa kuchanga pesa za kuchajisha betri kule senta.

Majuzi mpwa wangu, kijana wa simu mbili, aliniuliza: kama stesheni ilikuwa moja, mlikuwa mnatazama nini sasa? Nikamwambia, kila kitu. Akacheka, akadhani ni mzaha. Basi nitamwekea hapa jioni moja, ingawa kusema kweli ni jioni kadhaa nilizoziunga kuwa moja, maana kumbukumbu haina ratiba.

Kwanza kabisa kulikuwa na mtu nje kwenye mlingoti wa eriali. Ndani tunapiga kelele: "Zungusha! Ongeza! Hapo hapo! Aah, umepitisha!" Chenga zikishatulia, unakuta Wajerumani. Watu wazima waliovaa mavazi ya vichwa vikubwa wanakimbizana juu ya maji, wanaanguka, wanaamka. Hiyo ilikuwa Telematch. Siku nyingine ni Football Made in Germany, na sauti ya Toby Charles akitaja Bayern na Hamburg kana kwamba ni timu za Nakuru. Utotoni sikuwahi kujiuliza kwa nini Wajerumani, wakati waliotutawala walikuwa Waingereza. Kumbe Ujerumani Magharibi ilikuwa na shirika lililoitwa Transtel, ambalo kazi yake ilikuwa kusambaza vipindi vya Kijerumani, vikiwa vimetiwa Kiingereza, kwa nchi zinazoendelea. Stesheni ya taifa changa ina saa nyingi za kujaza na pesa kidogo. Anayekuja na kanda mkononi hukaribishwa. Ndiyo maana watoto wa Njoro waliijua Borussia Mönchengladbach kwa jina, hata kama hakuna aliyeweza kulitamka.

Saa moja kamili, taarifa ya habari kwa Kiswahili. Hapo watoto tulinyamazishwa. Habari ya kwanza ilikuwa Mtukufu Rais, alikuwa wapi leo, kanisa gani, shule gani, na alisema nini. Kila siku. Mwaka wa 1964 serikali ilikuwa imelichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, chini ya wizara ya habari, na jina la KBC liliporudi mwaka wa 1989 mpangilio wa habari haukubadilika. Wazee walisikiliza kwa ujuzi wa kipekee: nani amesimama karibu na Rais, nani hayupo tena. Mwalimu hakusema lolote wakati wa habari. Alikuwa mtumishi wa serikali.

Hata hivyo, sidhani runinga ndiyo iliyoogopwa zaidi wakati ule. Wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, waliiteka Sauti ya Kenya na kumtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake ili asome tangazo lao. Alilisoma redioni. Runinga saa hiyo ilikuwa imelala, na wananchi walio wengi hawakuwa nayo. Redio ndiyo iliyokuwa nchi. Runinga ilikuwa sebule ya wachache.

Lakini sebule hiyo jamani! Vioja Mahakamani ikianza, hata mke wa Mwalimu aliacha sufuria jikoni. Makokha kizimbani, Olexander, Othorong'ong'o, kila mmoja na Kiswahili chake, lafudhi ya kwao imekaa juu kabisa wala haioni haya. Shuleni tulichapwa kwa Kiswahili kama hicho. Hapa kilikuwa kinasemwa mbele ya jaji, kwenye runinga ya taifa, na watu wanakipenda.

Na Vitimbi. Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Jirani yetu Baba Akinyi, aliyefanya kazi reli, alikuwa na kiti chake cha mbao karibu na mlango, na Mzee Ojwang' akifungua tu kinywa, yeye alikuwa ameshaanza kucheka. Alituambia kwamba ukoo wa mzee huyo anaujua, ni watu wa upande wa kwao. Jioni moja kijana mmoja aliyekuwa ametoka Nairobi akasema: huyo si Mjaluo, jina lake ni Benson Wanjau, ni Mkikuyu. Sebule ililipuka. Baba Akinyi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mkikuyu gani atasema 'samaki' namna ile?" Ubishi uliendelea mpaka nje, gizani, watu wakielekea makwao.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 1991. Oktoba ya mwaka huo mapigano ya kikabila yalikuwa yameanza Miteitei, kule Nandi. Kufikia Machi 1992 yalikuwa yamefika Molo, na kwetu tuliona moshi. Wajaluo, Wakikuyu, Wakisii na Waluhya wenye mashamba walikuwa wanafukuzwa. Baba Akinyi alipakia vitu vyake kwenye lori usiku mmoja na familia ikaenda Kisumu. Kile kiti kilibaki kwa Mwalimu. Watu waliendelea kuja kutazama, lakini wachache, na waliondoka mapema kabla giza halijakolea. Sikumbuki tena mtu yeyote akibishana kuhusu kabila la mtu.

Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015, kila gazeti liliandika: Benson Wanjau. Nilimpigia simu Baba Akinyi, ambaye sasa ni mzee sana. Alikuwa ameshasikia. "Yule kijana alikuwa na haki," akasema. Kisha akaniuliza kama kile kiti chake bado kipo.

Kipindi cha Tushauriane sikukiona. Kilipita kabla Mwalimu hajanunua tivi. Nakitaja kwa sababu mpwa wangu anadhani telenovela za Meksiko ziliingia Kenya na kina mama wa miaka ya karibuni. Mbinu yake ilitangulia. Miguel Sabido wa Meksiko alikuwa ametunga tamthilia za kufundisha uzazi wa mpango katika miaka ya 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mtindo huo ukaletwa hapa, ukavalishwa Kiswahili, ukawa Tushauriane. Wakina Rosa na Marianna walikuja baadaye, wakakuta njia imefyekwa.

Saa tatu ilikuwa habari kwa Kiingereza, habari zilezile za saa moja, na watu wengi waliaga. Waliobaki walikuwa wanamsubiri Derrick, yule mpelelezi wa Munich mwenye mifuko chini ya macho. Nyanya yangu hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini Derrick hakumkosa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mara nyingi muuaji alionyeshwa mapema kabisa, na hilo lilimkera Nyanya kupita kiasi. "Huyu askari hana macho? Si ni yule wa koti!"

Betri ikianza kuisha, picha hujikunja kutoka pembeni, inakuwa ndogo, ndogo zaidi, mpaka Derrick anabaki kama ndani ya kijisanduku cha kiberiti. Halafu giza. Usiku mmoja ilizimika kabla mtu hajakamatwa, tukatembea nyumbani kimya, Nyanya amenishika bega.

Asubuhi aliniuliza kama yule wa koti alikamatwa. Nikamwambia ndiyo.