Lucknow: Mji wa Adabu Kando ya Gomti

Mto Gomti hauletwi na theluji za Himalaya. Huanzia kwenye chemchemi za Pilibhit, kaskazini mwa India, ukapita Lucknow, mji mkuu wa jimbo la Uttar Pradesh, kisha ukamwaga maji yake katika Ganges.

Fahari ya mji huu ilianza 1775, pale Asaf-ud-Daula, Nawabu wa Awadh, alipouhamisha mji mkuu wake kutoka Faizabad. Haikupita miaka kumi, njaa kali ikaingia. Mwaka 1784 Nawabu akaanzisha ujenzi wa Bara Imambara, jumba la kumwombolezea Imamu Husein, ili wenye njaa wapate kazi na chakula. Ukumbi wake mkuu una urefu wa meta 50 hivi, na dari yake ya tao haishikiliwi na nguzo wala boriti hata moja. Husimuliwa kwamba waungwana waliofilisika waliona haya kuonekana vibaruani, basi wakaitwa usiku, wapate riziki gizani bila kufedheheka. Iwe kweli au simulizi tu, watu wa Lucknow wameitunza habari hii kwa sababu ndani yake wanajiona: kwao, adabu ni kumsitiri mwenzio.

Neno lenyewe ni hilihili letu. Kwa Kiurdu, “aadaab” ni salamu, ikitolewa kwa kuinamisha kichwa kidogo na kuinua mkono wa kulia kuelekea usoni. Na mlangoni, kila mmoja humtaka mwenziwe atangulie.

Delhi ilipodhoofika, washairi walihamia huku. Mir Taqi Mir alifika 1782. Karne iliyofuata, Mir Anis na Mirza Dabeer waliufikisha utungo wa marsiya, maombolezo ya Karbala, kwenye kilele chake. Msomaji aliyekulia pwani, penye tenzi za Seyyidina Huseni, hahitaji kuelezwa kwa nini watu walilia. Jikoni nako, nyama ilipikwa taratibu ndani ya chungu kilichozibwa kwa unga uliokandwa, mvuke usipate pa kutokea.

Mwaka 1856 Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilimwondoa Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh, mtunzi na mpenzi wa ngoma ya kathak, akaishia uhamishoni Kolkata. Mwaka uliofuata mji ulisimama kupigana. Begum Hazrat Mahal, aliyekuwa mke wa mfalme huyo, alimtawaza mwanawe Birjis Qadr, akaongoza vita. Machi 1858 Waingereza waliuteka mji tena. Begum alikataa kusalimu amri, akakimbilia Nepal, akafia huko 1879.

Ufalme ulikwisha, sindano haikukoma. Darizi ya Lucknow huitwa chikan: asili yake ni uzi mweupe juu ya kitambaa chepesi cheupe. Kwanza ua hupigwa chapa kwa kibao cha mti kilichochovywa katika rangi ya buluu. Kisha kitambaa hupelekwa kwa wanawake majumbani na vijijini, nao hulifuata ua kwa sindano: huku mshono uliotunishwa kama punje ya mchele, kule matundu madogo kama ya wavu, yaliyofunguliwa bila kukata uzi hata mmoja. Mwisho nguo hufuliwa, buluu ikatoka yote, ikabaki kazi ya mkono peke yake.

Anayeshona kofia za mkono Lamu au Unguja anaijua kazi hii na anaujua ujira wake. Kipande huchukua siku nyingi, tena hupita mikono mingi kabla ya kufika dukani, na mwenye sindano ndiye apataye kidogo kuliko wote.

Njaa ya 1784 iliwafundisha watu wa Lucknow kwamba kazi ni sitara ya mtu. Basi ukiletewa nguo ya chikan, igeuze uitazame upande wa ndani. Ukiona ni kazi ya mkono, usiombe upunguziwe bei: hiyo ndiyo adabu anayostahili aliyeishona.