Marlborough: Cheo Kilichookolewa na Mabinti

Desemba 1702, Malkia Anne wa Uingereza alimpandisha jemadari wake, John Churchill, hadi daraja la juu kabisa la umwinyi wa nchi hiyo: akawa Duke wa kwanza wa Marlborough. Furaha ile haikutimiza miezi mitatu. Februari 1703, mwanawe pekee wa kiume aliyebaki alifariki kwa ndui akisoma Cambridge, na umri wake miaka 17. Kwa desturi cheo cha namna hiyo hurithiwa na wanaume tu, na jemadari sasa alikuwa na mabinti wanne. Cheo kipya kilielekea kuzikwa na mwenyewe.

Kilichokinusuru ni ushindi vitani. Tarehe 13 Agosti 1704, karibu na kijiji cha Blenheim kando ya mto Danube, Churchill na mshirika wake, Eugene wa Savoy, waliyavunja majeshi ya Ufaransa na Bavaria. Akatunukiwa ardhi ya kifalme huko Woodstock, karibu na Oxford, ambako lilijengwa kasri la Blenheim. Kodi ya ardhi hiyo ni bendera ya hariri yenye maua ya dhahabu ya wafalme wa Ufaransa, inayopelekwa Windsor kila mwaka siku ya ushindi inapotimia. Mwaka 1706 Bunge likatunga sheria ya pekee: akikosekana mrithi wa kiume, cheo kiende kwa mabinti na vizazi vyao.

Jemadari alipofariki mwaka 1722, Henrietta, binti mkubwa, akawa Duchess kwa haki yake mwenyewe. Ujenzi wa kasri ulimaliziwa chini ya usimamizi wa mama yake, Sarah, aliyewahi kuwa msiri wa Malkia. Henrietta alimzika mwanawe mwaka 1731, naye akafariki mwaka 1733. Cheo kikaenda kwa Charles Spencer, mtoto wa marehemu mdogo wake, Anne. Kuanzia hapo kila Duke ametoka katika kizazi cha Anne, wakitumia jina la Spencer hadi mwaka 1817, Duke wa tano alipoliongezea la Churchill.

Winston Churchill, mjukuu wa Duke wa saba, alizaliwa katika kasri hilo mwaka 1874. Baba yake alipofariki mwaka 1895, yeye ndiye aliyetarajiwa kumrithi binamu yake, Duke wa tisa. Mwaka 1897 mke wa Duke huyo, Mmarekani Consuelo Vanderbilt, alijifungua mtoto wa kiume, na Winston akabaki huru kutafuta kura za wananchi.

Tangu mwaka 2014 mwenye cheo ni Duke wa 12. Baada ya Henrietta hajatokea mwanamke mwingine. Mwaka 2013 Bunge liliwapa mabinti wa kifalme haki sawa ya kurithi kiti cha enzi, lakini vyeo vingi vya umwinyi bado huwaruka mabinti. Historia ya Marlborough yatosha kuwa hoja ya kuibadili desturi hiyo: bila sheria ile ya mwaka 1706 iliyowaruhusu mabinti, orodha ya Ma-Duke hawa ingeishia kwa jina moja.