Pazia la Maneno: Asili ya Onyo na Karipio Mtandaoni

Desturi ya kufunika maneno mtandaoni ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mtandao wa Usenet, mzaha uliohofiwa kuchukiza uliandikwa kwa kusogeza kila herufi nafasi 13 katika alfabeti. Aliyetaka kuusoma aliufumbua kwa hiari yake.

Mastodon, iliyoasisiwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, iliipa desturi hiyo kitufe: mwandishi huweka kichwa kifupi, na matini hujificha nyuma yake hadi msomaji abofye. Katika msimbo wa programu, sehemu hiyo ingali ikibeba jina linalohusu kufichua mapema mwisho wa hadithi. Wenyeji wa mwanzo, wengi wao wakimbizi wa matusi ya Twitter, waliipanua ihusu siasa, chakula, pombe, hata picha za nyuso zinazomkodolea mtazamaji macho. Na kwa kuwa kila seva hujitawala, mengi ya hayo hayakuwa sheria ya yeyote. Yalilindwa na majirani, kwa karipio.

Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter. Katika wiki chache, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka takriban 300,000 hadi zaidi ya milioni 2. Sisi humpa mgeni jembe siku ya tatu. Kule alikabidhiwa mlangoni. Wamarekani Weusi waliosimulia ubaguzi waliofanyiwa waliambiwa wafunike masimulizi yao, eti ni siasa, eti yanasumbua. Mwanafalsafa Johnathan Flowers alikuwa miongoni mwa waliopinga hadharani, nami naafikiana naye: kumtaka mtu aweke onyo juu ya picha ya maiti ni jambo moja, kumtaka aliweke juu ya maisha yake ni jingine kabisa.

Hata hivyo, si haki kuwaita wenyeji wale wanafiki. Wapo walionusurika ukatili, ambao pazia hilo ndilo lililowawezesha kurudi kuzungumza na watu. Swali ni nani alibebe. Toleo la 4.0, la Novemba mwaka huohuo, lilimruhusu msomaji kuchagua maneno yanayomuumiza, nayo machapisho yenye maneno hayo yakamjia yamefunikwa, bila mwandishi kuombwa lolote.