Katalin Karikó
Katalin Karikó (amezaliwa Szolnok, Hungaria, 17 Januari 1955) ni mwanabiokemia aliyejulikana kwa utafiti wa RNA mjumbe, molekuli inayobeba maagizo ya DNA hadi kwenye ribosomu, zinakotengenezwa protini za seli.

Binti huyu wa mwuza nyama alipata shahada ya uzamivu mjini Szeged, Hungaria. Mwaka 1985 alihamia Marekani na mumewe na mtoto wao, akiba yao ikiwa imeshonewa ndani ya mwanasesere wa dubu. Maombi yake ya ruzuku yalikataliwa mara kwa mara, na mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikofanya kazi, kikamshusha cheo. Hakuondoka.

Kikwazo kikubwa katika kutumia RNA kama tiba kilikuwa kwamba RNA iliyotengenezwa maabara iliamsha kinga ya mwili, ikashambuliwa kana kwamba ni virusi. Karikó na mtaalamu wa kinga Drew Weissman, waliofahamiana kwenye mashine ya kutoa nakala (mikutano rasmi haizai kila kitu), waliweka pseudouridini mahali pa kijenzi cha RNA kiitwacho uridini, na mashambulizi yakapungua. Makala yao ya mwaka 2005 haikuvuma wakati huo.

Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer-BioNTech na Moderna zilijengwa juu ya ugunduzi huo. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2023.