Fisi-maji wa California na Raia Waliowahami

Tangu mabaharia wa msafara wa Bering waliporejea Urusi mwaka 1742 na ngozi za fisi-maji wa baharini, mnyama asiye na shahamu ya kumkinga na baridi ila manyoya yaliyosongamana kuliko ya mnyama mwingine yeyote, tamaa ya wafanyabiashara haikutulia hata mwaka 1911, dola nne zilipotia sahihi mkataba wa kuwahami fisi-maji hao, ilhali walikuwa karibu kwisha. Huko California wengi walidhani wametoweka, mpaka mwaka 1938 kundi dogo lilipoonekana karibu na Bixby Creek.

Mikataba ni ya serikali. Mimi hunivutia zaidi habari za raia. Mwaka 1968 Margaret Owings, msanii mkazi wa Big Sur, pamoja na tabibu James Mattison, waliasisi jumuiya ya marafiki wa fisi-maji, wakati wavuvi wa abaloni waliponung'unika kuwa mnyama huyo anawanyang'anya riziki (na kwa insafu, manung'uniko yao hayakuwa uzushi mtupu).

Baadaye ilipobainika kuwa kimelea cha toksoplasma, kitokacho katika kinyesi cha paka, hufuata maji mpaka baharini kikawaua fisi-maji, watu wa majumbani walinasihiwa wasikimwage chooni, na kwa sheria ya 2006 walipa kodi wakaruhusiwa kuchangia utafiti, kwa hiari, katika fomu zao za kodi. Wapiga makasia nao huombwa wakae mbali, kwani mnyama alaye kila siku takriban robo ya uzito wake hana nguvu za kupoteza kwa kugutushwa usingizini.