Tusker, Busaa na Mwenye Kiwanda Aliye Mbali

Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon itokane na nafaka ambazo angalau 51% yake ni mahindi, kisha ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mkulima wa Kiminini au Kwanza, kule Trans Nzoia, hawezi kushangazwa na sharti hilo. Zao analopeleka kwa Bodi ya Nafaka na Mazao ndilo linaloipa Kentucky, jimbo la bourbon, sifa yake, na ndilo linalokaangwa Bungoma kwa ajili ya busaa, pombe yetu ya kienyeji. Kinachoshangaza ni majina ya wenye mali. Bourbon za Jim Beam na Maker's Mark zimekuwa za Suntory ya Japani tangu 2014. Wild Turkey ilinunuliwa na Campari ya Italia mwaka 2009. Wapenzi wa wiski huko Marekani hawajaacha kubishana: mgeni akinunua kiwanda, je, kilichomo chupani hubaki kile kile?

Ubishi huo sasa umefika kwetu. Desemba 2025, Diageo ya London ilitangaza kwamba imekubaliana na Asahi ya Japani kuiuzia hisa zake za 65% katika kampuni ya East African Breweries, EABL, kwa takriban dola bilioni 2.3. Tusker, Senator na Kenya Cane, vinywaji vinavyojaza rafu za baa kutoka Kitale mpaka Chwele, viko katika mpango huo. Wapo wanaohofia kwamba Mjapani atatuharibia bia. Nadhani hofu hiyo imeelekezwa pasipofaa, na historia ya vinywaji katika nchi yetu hii ya magharibi inaonyesha sababu.

Tusker haikuanzishwa na mwenyeji. Ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina kutokana na mkasa huo. Ndiyo maana kichwa cha ndovu kingali kwenye lebo. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, walowezi waliokuwa wamegawana mashamba ya Trans Nzoia wangeweza kuletewa mizigo yao hadi mlangoni, bia ikiwemo. Mwafrika aliyewalimia mahindi hakuruhusiwa kisheria kuinywa. Katazo la bia ya chupa kwa Waafrika liliondolewa mwaka 1947 tu. Chupa ambayo leo tunaiona kama alama ya taifa iliwahi kufungiwa mbali na wananchi kwa robo karne.

Mwananchi alikuwa na chake. Busaa inahitaji subira: unga wa mahindi unakandwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, halafu unakaangwa kwenye bati pana juu ya moto hadi upate rangi ya kahawia na harufu ambayo mtu wa Bungoma anaijua akiwa bado njiani. Ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi kilichosagwa. Wimbi lenyewe lazima liloweshwe, liote, likaushwe. Akikosea mpishi hatua moja, pombe inakuwa chachu isiyonyweka. Kwa Wabukusu, wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na Agosti ya miaka shufwa, vijana wanapotahiriwa, hakuna sherehe isiyo na chungu hicho.

Hapo ubora ulikuwa na mlinzi. Mama aliyepika alijulikana kwa jina na kwa boma lake, na waliokunywa walikuwa shemeji, wakwe na majirani zake. Pombe mbaya ilimletea aibu kabla jua halijatua.

Ulinzi huo ulivunjika pombe ilipoingia mafichoni. Sheria ya 1980 ilipiga marufuku kabisa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na wapishi wakahamia kando ya mito na ndani ya mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, kilileta molasi, malighafi rahisi kuliko mahindi, na mapipa yakajaa. Baadhi ya wauzaji nchini walianza kuchanganya vitu visivyo chakula ili kinywaji kikate haraka. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli, na waliopona wengine walipoteza macho. Pombe hiyo haikuwa na mwekezaji wa London wala wa Tokyo. Haikuwa na mtu yeyote wa kuulizwa.

Uganda walijaribu njia tofauti. Sheria yao ya 1965 kuhusu enguli, pombe kali ya huko, iliwataka wapishi wa vijijini wauze pombe yao kwa kiwanda chenye leseni, nacho kiisafishe upya. Hivyo ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa, na siku hizi inatengenezwa Port Bell na kampuni tanzu ya EABL. Sisi tulisubiri hadi 2010, sheria iliyopewa jina la mbunge John Mututho ilipohalalisha chang'aa kwa masharti. Wakati huo wapishi wetu walikuwa wamezoea giza kwa miaka 30.

Sasa turudi kwa wageni na bia yao. Diageo, iliyoundwa mwaka 1997, ilishika nusu na ziada kidogo ya hisa za EABL kwa miaka mingi kabla ya kupanda hadi 65% mwaka 2023. Kwa ladha, sioni ushahidi kwamba Tusker iliporomoka mikononi mwake. Madhara yalikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1998 kampuni ya Afrika Kusini, SAB, ilifungua kiwanda cha bia ya Castle mjini Thika, na kwa miaka michache mnywaji wa Kenya akabembelezwa na pande mbili. Mwaka 2002 wakubwa hao wakaelewana: SAB ikaondoka Kenya, EABL ikafunga kiwanda chake cha Moshi, Tanzania, na kila upande ukapewa hisa katika kampuni ya mwenzake. Thika ikafungwa. Kiwanda cha EABL cha Kisumu, kilichokuwa kimefunguliwa 1982 na kilichokuwa karibu zaidi na sisi, nacho kilinyamaza, na ujenzi wa kukifufua haukuanza hadi 2017, kwa Sh15 bilioni. Mnywaji hakuulizwa, wala mfanyakazi.

Chini ya Diageo hiyo hiyo, mwaka 2004, ilianzishwa Senator, bia ya kegi iliyopunguziwa ushuru ili mtu wa kipato kidogo aache sumu. Watu wakaibatiza Obama. Ilitengenezwa kwa nafaka za hapa, na wakulima wa mtama wa magharibi na Nyanza walipata soko. Aliyeiumiza alikuwa Mkenya: mwaka 2013 Hazina ilirudisha nusu ya ushuru, mauzo yakaanguka, baa za kegi zikafungwa na mtama ukabaki ghalani. Serikali ilijirudi mwaka 2015.

Bourbon inasema hivyo hivyo. Four Roses iliharibiwa sifa nyumbani kwake na mgeni, Seagram ya Kanada, iliyoiondoa bourbon halisi sokoni Marekani na kuuza huko mchanganyiko hafifu kwa jina hilo hilo. Mwaka 2002 Diageo iliiuza kwa Kirin ya Japani, na Kirin ndiyo iliyorudisha bourbon ile halisi kwa Wamarekani. Nayo Maker's Mark, mwaka 2013, ikiwa bado mali ya Wamarekani, ilitangaza kupunguza kilevi kutoka 45% hadi 42% ili ienee kwa wanunuzi wengi. Wanywaji walipiga kelele, na baada ya wiki moja hivi kampuni ikabatilisha uamuzi. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa na chupa nyingine za kuhamia.

Hiyo ndiyo silaha tusiyo nayo ya kutosha. Kampuni ya bia ya Keroche, ya Naivasha, ilithubutu na Summit Lager mwaka 2008, lakini migogoro ya kodi imekifunga kiwanda chake zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Trans Nzoia na Bungoma wasipoteze muda kuuliza Mjapani anapenda bia ya namna gani. Waidai Mamlaka ya Ushindani na Asahi masharti ya maandishi: kiwanda cha Kisumu kisifungwe tena, mikataba ya mtama na shayiri iheshimiwe kwa muda unaotajwa, na mshindani mdogo asizibiwe njia ya kufikia wauzaji. Na serikali za kaunti zetu ziwape mama wa busaa leseni nafuu na mahali pa kupimia pombe yao, ili jina la mpishi lirudi kujulikana.