Kuinjilisha na Kushuhudia

Mnunuzi mmoja wa vitunguu saumu alikuwa akijaza gunia mnadani, Mbulu, mpaka gunia likaota kichwa. Lumbesa. Mama aliyekuwa akiuza, mgorori mabegani, udongo wa shamba bado umemkauka vidoleni, alilitazama gunia, kisha akamtazama mnunuzi. Bwana huyo Jumapili huimba kwaya, na zamu ya maombi ikimfikia hushika kipaza sauti. Mama akamwambia kwa upole, "Baba, leo ushuhuda wako umeota kichwa." Watu wakaangua kicheko. Mnunuzi naye akapunguza vitunguu, kiganja kwa kiganja, mpaka mdomo wa gunia ukafungika bila kulazimishwa.

Nilikuwa pembeni, kwapani nina karatasi za semina ya walei nilizopewa kuzihariri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno uinjilishaji mara tano. Ushuhuda halikuwemo hata mara moja. Semina yenyewe ilihusu namna Mkristo wa kawaida anavyomfikishia jirani yake Injili na kuishi anachokiamini, yaani jambo lilelile ambalo mama wa vitunguu alikuwa ameligusa kwa neno moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya mawili kama mtu anayepima mbegu: lipi liende shamba lipi.

Tuanze na mzizi. Injili tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata, kwa njia ya lugha nyingine za Mashariki, kutoka Kiyunani: euangelion. Katika Kiyunani cha kale kabisa neno hilo lilitaja ujira wa tarishi. Aliyekuja mbio na habari ya ushindi alipewa kitu mkononi, na kitu hicho ndicho kilichoitwa hivyo. Baadaye likahama kutoka kwenye zawadi likawa habari yenyewe. Waswahili wa pwani walilijua neno Injili zamani, kabla mmisionari Krapf hajatua Mombasa mwaka 1844, lakini walilijua kama jina la kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, kikihesabiwa pamoja na Taurati, Zaburi na Kurani. Kitabu husomwa, huhifadhiwa, hubusiwa hata. Habari ndiyo hutangazwa. Watafsiri wa kimisionari, Krapf huko Mombasa na Askofu Edward Steere na wenzake Unguja, walilichukua neno la kitabu wakalitwisha mzigo wa habari, na neno likaubeba. Ila dalili za uzito hazijaisha: tafsiri moja ya Biblia iliyotoka miaka ya 1990 imejiita Biblia Habari Njema, jina la jalada likifumbua kile ambacho Injili imekifumba.

Kutoka hapo umezaliwa ukoo mzima. Mwinjili ni Mathayo, Marko, Luka au Yohane. Wakatoliki husema Mtakatifu Marko Mwinjili, na hakuna kilichoongezwa kwenye Injili isipokuwa kiambishi cha mtu. Mwinjilisti ni mtu mwingine kabisa. Katika KKKT, kanisa la Walutheri wa Tanzania, huyu ni mtumishi mwenye kituo, aliyepitia mafunzo ya Biblia, anayelea mtaa chini ya mchungaji wa usharika. Ndiye anayefika kwenye msiba usiku, ndiye anayejua nani ameacha kuja ibadani na kwa nini. Mkatoliki wa kijiji hichohicho kazi inayofanana na hiyo huiita ya katekista, na mahali pake pa kazi huitwa kigango. Ukimwambia Mlutheri wa Haydom kwamba Marko alikuwa mwinjilisti atakuelewa, lakini nashuku kichwani mwake Marko atakuwa juu ya pikipiki, suruali imetapakaa matope mpaka magotini.

Wa tatu ni mwinjilishaji, na kazi yake ni uinjilishaji. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kuinjilisha ni kitenzi kilichoundwa juu ya nomino kwa kiambishi cha kusababisha. Ndugu zake ni akina kuhalalisha, kutaifisha, kustaarabisha. Sikiliza namna kila kimoja kinavyotenda kazi: yupo mwenye uwezo upande huu, na kipo kitu upande ule kinachogeuzwa kuwa kingine. Benki zilitaifishwa Februari 1967, wala hazikuulizwa. Kustaarabisha ndiko kunakoniogofya zaidi, maana lilikuwa neno la mkoloni aliyetukuta, kwa maoni yake, bila ustaarabu. Kuinjilisha limekaa safu hiyohiyo. Andika "kuwainjilisha Wabarbaig", wafugaji wa Hanang, na sarufi, hata kama moyo wako ni safi, imekwisha kuwaweka Wabarbaig mahali pa udongo na wewe mahali pa mfinyanzi. Andika "kuwahubiria Wabarbaig Injili" na kile kiambishi cha kutendea kinawapa nafasi ya mpokeaji, mtu anayeweza kunyoosha mkono au kuukunja.

Hata hivyo sitaki lifutwe. Lina kazi ambayo kuhubiri haliiwezi. Papa Paulo VI alipotoa waraka wake Evangelii Nuntiandi, tarehe 8 Desemba 1975, alilipanua wazo hili mpaka likakumbatia mahubiri, katekesi, sakramenti, haki na utamaduni wa watu, na katika njia zote hizo akautanguliza ushuhuda wa maisha. Kazi pana namna hiyo ilihitaji jina lake kwa Kiswahili. Kuhubiri kungetuacha na mtu mmoja mimbarini na wengine wote wamekaa. Kwa hiyo uinjilishaji lilikuja kwa haki, na Uinjilishaji Mpya lilipofuata wakati wa Yohane Paulo II, neno lilikuwa tayari. Kosa ni letu sisi wahariri, tuliolitoa kwenye waraka tukalipeleka mpaka jikoni.

Na jiko la Mbulu si jiko la Kiswahili. Katika eneo hili unakuta Kiiraqw, ambacho ni Kikushi. Kidatooga cha Wabarbaig wa Hanang, ambacho ni Kiniloti. Kihadza cha bonde la Yaeda, kisichojulikana ndugu yake ni nani. Na Kibantu kwa majirani. Kiswahili kilikuja na shule, boma na dini. Walikuja mapadri wa Kizungu, baadaye Wapalotini kutoka Ireland, na Mbulu ikawa jimbo mwaka 1953 chini ya Askofu Patrick Winters. Aliyempokea kijiti mwaka 1971, Nicodemus Hhando, jina lake lenyewe lina hh inayokutajia lugha ya nyumbani kabla hujauliza. Walutheri wa Norwei walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, na si vigumu kuamini kwamba wako waliomjua Mkristo kwa mara ya kwanza kwa namna alivyowafunga kidonda.

Kwa mtu aliyelelewa kwa Kiiraqw, basi, injili ni neno la kigeni kama uinjilishaji ulivyo. Tofauti ni kwamba la kwanza ni fupi. Na masikio yake yamefundwa kwingine. Wairaqw wana slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huisema mbele ya watu, nao huitikia kila anapotua. Marehemu na walio hai, ng'ombe na mvua, mipaka ya nchi, vyote hupita mdomoni mwa mzee, lakini mzee hasemi peke yake. William Kamera wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekusanya pia hadithi za Wairaqw, alizichunguza sala hizi kwa makini. Mimi nachukua jambo moja tu kutoka humo: neno zito hukamilishwa na wanaolisikia. Ukiniuliza kwa nini mahubiri ya katekista hodari wa vijijini huku yana vituo vingi vya watu kusema amina, nitakuonyesha slufay kabla sijakuonyesha mtaala wa chuo chochote.

Sasa kushuhudia. Mzizi wake wa Kiarabu una hatua tatu: kuwapo, kuona, kisha kusema. Kiswahili kimezihifadhi zote. Mtu hushuhudia ajali, yaani ameiona. Hushuhudia mbele ya hakimu, yaani ameisema. Na kanisani hushuhudia matendo ya Mungu, ambapo inatakiwa awe amefanya yote mawili. Kisha Kiswahili kikafanya jambo ambalo sijaona likisifiwa inavyostahili: kikaligawa shina hilo kuwa nomino mbili. Ushahidi ukaenda mahakamani, ushuhuda ukaenda kanisani. Mwendesha mashtaka hasemi analeta ushuhuda, na mwanakwaya hasimami kutoa ushahidi. Tumegawana maneno bila baraza lolote kukaa. Shahada, ndugu yao mwingine, imebaki kwa Waislamu kama tamko la imani, na imepanda mpaka chuo kikuu, ambako mtu hutunukiwa shahada ya kwanza bila kufikiria kwamba amekabidhiwa ushahidi wa kwamba alikuwapo darasani.

Shahidi mwenyewe kakataa kugawanywa. Mtu aliyeona wizi ni shahidi, na Karoli Lwanga ni shahidi. Wakatoliki 22 waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887, waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, tunawaita Mashahidi wa Uganda, ingawa wengine huchagua kusema wafia dini. Wafia dini ni jina linaloeleweka papo hapo, lakini linahesabu kifo tu. Mashahidi linahesabu walichokuwa wakikisema kabla ya moto. Kiyunani nacho kilipita njia hiyohiyo: martys alikuwa shahidi wa barazani kwanza, mauti yakaja baadaye.

Hanang neno ushahidi lina uzito wake mwingine. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, yalipochukua malisho ya Wabarbaig, wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na sehemu ya sababu ilikuwa kwamba ushahidi wa kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria haukutosha. Watu ambao makaburi ya wazee wao yalikuwa humo kwenye ngano walitakiwa wathibitishe kuwa ni wa hapo. Anayekwenda nyanda zile na Biblia mkononi akasema "nimekuja kushuhudia" ajue anazungumza na watu wanaojua shahidi huulizwa maswali.

Na hapo ndipo ninapoona faida ya neno hili kuliko lile la -isha. Kuinjilisha kunamhoji msikilizaji: amebadilika au bado? Kushuhudia kunamhoji msemaji: ulikuwapo? Uliona nini? Mama wa vitunguu hakumwambia mnunuzi kwamba uinjilishaji wake una kasoro. Asingeweza, uinjilishaji hupimwa kwa idadi ya vigango vipya na wabatizwa, na wala hauoni gunia. Ushuhuda una mizani yake sokoni.

Nao umeumia, tusijidanganye. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, kutoka Rwanda na Uganda, uliwazoeza watu kusimama na kutaja dhambi zao hadharani, na ushuhuda ukapata umbo: nilikuwa hivi, nikakutana na Bwana, sasa niko hivi. Umbo zuri. Lakini umbo likishajulikana huigizwa. Siku hizi nasikia ushuhuda wa kiwanja, wa gari, wa mtoto kupata nafasi ng'ambo, na dhambi iliyokuwa ikitajwa kwa jina imekuwa "changamoto". Katika karatasi zangu za semina nilikuta zoezi linalowataka washiriki "waandae shuhuda zao kwa dakika tatu". Shuhuda! Katika magazeti yetu shuhuda ni mtu aliyeona, wingi wake mashuhuda. Kuziita habari zenyewe shuhuda ni kuwachanganya walioona na walichokiona, nami nimelisahihisha kila mahali kuwa ushuhuda, najua kabisa kwamba semina itakapofanyika watasema shuhuda.

Mwishowe nilifanya hivi. Uinjilishaji nimeuacha kwenye kichwa cha karatasi na kwenye aya zinazoeleza mpango wa parokia na mgawanyo wa kazi. Kuinjilisha, kikiwa kitenzi chenye watu mbele yake, nimekiondoa kote nikaweka kuwahubiria, kuwafikishia au kuwaletea Injili, kadiri sentensi ilivyotaka. Mwinjilisti nimemwachia Mlutheri wake. Na pale ambapo mwandishi alieleza Mkristo anavyolipa vibarua kwa wakati, anavyokaa na jirani mwenye msiba, anavyorudisha chenji iliyozidi, mambo aliyoyaita "uinjilishaji kwa njia ya maisha", nimeandika kushuhudia, nikapumzika.

Sentensi moja imenishinda. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Magazeti ya kesho yake yalijaa neno mashuhuda. Mwandishi wa semina, akikumbuka siku hiyo, ameandika: "Wakristo wa Katesh walishuhudia." Hakuongeza neno. Huwezi kujua kama anasema waliona tope likishuka au anasema walichofanya baada ya tope kutulia, na kila nilipojaribu kuongeza kijineno cha kufafanua, nusu ya maana ilianguka. Nimeweka alama ya penseli pembeni, nikaifuta, nikageuza ukurasa.